Barua ya wazi kwenu mnaosimamia matibabu ya kansa ya ovari: acheni kusingizia rangi ya mwanamke

Waheshimiwa,

Barua hii ni yenu nyie mnaogawa hela za utafiti wa kansa, mnaoandika miongozo ya matibabu, mnaopitisha dawa, na nyie wakurugenzi wa hospitali zenye wodi za kansa. Sitaji mtu kwa jina, mko wengi na mko nchi nyingi, ila kila mmoja akisoma atajua kipande chake ni kipi. Nina jambo moja tu na nalisema mapema msije mkachoka kabla hamjalifikia: hili pengo la kupona kansa ya ovari kati ya wanawake weusi na weupe, sehemu yake kubwa imetengenezwa na huduma, na huduma iko mikononi mwenu.

Mwaka 2022 dunia nzima wanawake zaidi ya 320,000 walikutwa na kansa hii na zaidi ya 200,000 walikufa nayo. Ni kansa mbaya, hilo hatubishani. Inaanza kimyakimya, aina iliyo ya kawaida zaidi mara nyingi inaanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi kabla hata haijafika kwenye ovari yenyewe, na mpaka tumbo lije lijae maji mama anakuwa ameshazunguka sana. Ikikutwa bado iko palepale ilipoanzia, zaidi ya asilimia 90 wanafika miaka mitano. Ikikutwa imeshasambaa mbali inashuka mpaka kama asilimia 31, na wagonjwa wengi ndo wanakutwa wakiwa kwenye kundi hilo la 31. Hapo sijagusa rangi ya mtu bado, hiyo ni kwa wote.

Sasa tuje kwenye rangi. Nitakaa sana Marekani sababu wao ndo wamehesabu kwa rangi kwa miaka mingi na namba zao ziko wazi, si kwamba wengine ni wasafi, wengi hawajapima tu, na kuna nchi kama Ufaransa ambako sheria yenyewe inabana sana kukusanya takwimu za rangi, hivyo huko hata ukitaka kujua unaanzia wapi.

Kule Marekani wanawake weusi wanaipata kansa ya ovari kwa kiwango cha chini kuliko weupe. Ndiyo, cha chini. Lakini wakishaipata, wanaofika miaka mitano ni kama 41 kwa mia, wakati weupe ni kama 49, na wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki wako juu zaidi, wanavuka 50. Wanaougua kidogo ndo wanaoishi kidogo. Mtu yeyote mwenye akili yake timamu akiona hivyo lazima aulize kuna nini hapo katikati.

Na hapo ndo kwenye mchezo nataka tuuanike. Kuna namna mbili za kuhesabu vifo. Ukichukua wanawake weusi wote wa nchi, wagonjwa na wazima, ukauliza kwa kila 100,000 wamekufa wangapi kwa kansa ya ovari mwaka huu, namba inatoka ndogo kuliko ya weupe, sababu walioipata walikuwa wachache tangu mwanzo. Mkubwa mmoja anaionyesha hiyo slaidi kwenye kikao, watu wanaitikia kwa kichwa, mnaenda chai. Lakini ukiuliza swali la pili, kati ya walioambiwa wana kansa hii ni wangapi bado wako hai baada ya miaka mitano, ndo unaona weusi wako chini. Swali la kwanza linachanganya ugonjwa na huduma. Swali la pili ndo linawapima nyie. Kila mnapotoa ripoti yenye namba ya kwanza bila ya pili mnajipa maksi ambazo hamjazifanyia mtihani.

Turudi nyuma kidogo. Wagonjwa waliopimwa Marekani kati ya 1975 na 1977, weupe waliofika miaka mitano walikuwa asilimia 35, weusi 42. Mmesoma sawasawa, weusi ndo walikuwa juu. Alafu dawa zikaanza kuja. Sisplatini, dawa ya kemo, ikapitishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Desemba 1978, kaboplatini ikafuata 1989, paklitakseli 1992, upasuaji nao ukawa wa kina zaidi na madaktari bingwa wa kansa za uzazi wakaongezeka. Katikati ya miaka ya 1990 weupe wako 43, weusi wameshuka mpaka 36. Waliopimwa kwenye miaka ya 2010 weupe kama 49, weusi 41. Yaani miaka arobaini ya dawa mpya na mashine mpya na makongamano, weupe wamepanda kama hatua 14, weusi wako palepale walipokuwa kabla ya sisplatini, tena wamerudi nyuma kidogo.

Najua kuna mtaalamu atanyoosha mkono aseme wagonjwa weusi kwenye data ya miaka ile ya 70 walikuwa wachache, na aina za uvimbe hazikuwa na mgawanyo sawa, hivyo ile 42 isichukuliwe kama msahafu. Sawa, nakubali, ipunguze basi. Ipunguze hata ifike 36 sawa na ya 1990 na kitu. Bado utakuwa na kundi moja lililopandishwa na dawa na kundi lingine ambalo dawa zilelile zimepita pembeni yake. Na kama tatizo ni jeni za watu weusi, naomba mnieleze hizo jeni zilibadilikaje kati ya 1977 na 1995, sababu mi ninavyojua jeni haziendi kwa kasi hiyo. Kinachobadilika ndani ya miaka ishirini ni nani anapelekwa kwa daktari gani.

Matibabu yenyewe siyo siri. Mama anafanyiwa upasuaji mkubwa, na lengo ni kutoa kila uvimbe unaoonekana kwa macho, ukibaki hata kidogo matokeo yanaharibika. Kabla au baada ya hapo, au kote kuwili, anapigwa kemo ya kaboplatini na paklitakseli, kwa kawaida mizunguko sita. Nani ameshika kisu ni jambo kubwa mno hapa. Daktari bingwa wa kansa za uzazi anayefanya upasuaji huu kila wiki si sawa na daktari wa upasuaji wa kawaida ambaye amefungua tumbo akidhani ni uvimbe mwingine akakuta kansa. Na tafiti za Marekani zimerudia mpaka zimechosha: wanawake weusi wana uwezekano mdogo zaidi wa kufanyiwa upasuaji kabisa, mdogo zaidi wa kupata upasuaji na kemo vyote viwili kama mwongozo unavyotaka, mdogo zaidi wa kutibiwa kwenye hospitali inayoona wagonjwa wengi wa aina hii. Hiyo siyo biolojia jamani. Hiyo ni rufaa, bima, umbali, na nani alipokea simu.

Kuna jaribio la bahati ambalo linatuonyesha mambo yangekuwaje. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa wa hatua za mbele waliokuwa kwenye majaribio ya Gynecologic Oncology Group, kikundi cha Marekani cha utafiti wa kansa za uzazi, wote wamepewa sisplatini na paklitakseli kwa itifaki moja, wanafuatiliwa na watu walewale kwa ratiba ileile. Rangi haikuleta tofauti kwenye kuishi. Weusi kwenye majaribio hayo walikuwa wachache, kweli, na anayeingia kwenye jaribio si mgonjwa wa kawaida, lakini bado inakupa picha: weka mtu kwenye utaratibu usiomtazama usoni, anaishi kama mwenzake.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kinanyooka hivyo. Kuna utafiti wa 2016 kutoka mfumo mmoja mkubwa wa bima huko California, wote wana bima ileile na hospitali zilezile, na bado wanawake weusi walikuwa wanakufa mapema zaidi. Watu wanaupenda sana utafiti huu wakitaka kusema basi ni miili yao. Ila walipoangalia ndani wakakuta weusi walikuwa wanapunguziwa dozi zaidi, wanacheleweshewa mizunguko, wanaachishwa kemo kabla haijaisha. Kadi ya bima inakuingiza getini, haikuhakikishii dozi kamili. Na kisukari na presha na uzito vinachangia, sikatai, lakini hayo nayo yanatibika mgonjwa akiwa anasikilizwa, hayajawahi kuwa sababu ya kumpa mtu nusu ya matibabu alafu ukaandika kwenye faili kwamba dawa haikufanya kazi.

Tukija kwenye kugundua ugonjwa, hapa niseme kwa uchungu kidogo. Dalili za kansa ya ovari ni tumbo kujaa na kutopungua, kushiba haraka, maumivu ya chini ya tumbo au nyonga, kwenda haja ndogo kila saa. Haya yakimpata mwanamke kila siku kwa wiki kadhaa na hayakuwepo mwanzo, ni ya kupimwa. Shangazi yangu alitibiwa gesi, akatibiwa UTI, akatibiwa vidonda vya tumbo, alafu mtu akamwambia ni faibroidi tu wanawake weusi mnazo sana hizo, na hilo la mwisho ni kweli kabisa faibroidi tunazo sana, ndo maana linaua. Likishakuwa jibu la haraka hakuna anayeangalia nyuma yake. Na msiniambie madaktari hawana dhana kichwani kuhusu miili yetu, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapima wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, weupe, wakakuta karibu nusu yao wanaamini angalau jambo moja la uongo kama vile ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na walioamini hayo walipima maumivu ya mgonjwa mweusi kwa kiwango cha chini. Maumivu ya nyonga ndo dalili yenyewe. Ukiyashusha umeishusha dalili.

(Kwa dada zangu mnaosoma pembeni: pap smia haipimi ovari, inapima shingo ya kizazi. Kuna wengi wanaondoka na majibu safi ya pap smia wakidhani wamepimwa kila kitu huko chini. Nyie wa miongozo, mngeweza kuliandika hilo kwenye karatasi ya majibu, ni sentensi moja.)

Alafu kuna hiki kipimo cha damu, CA-125, kinachopima protini ambayo mara nyingi inapanda mtu akiwa na kansa hii. Kiwango cha 35 ambacho maabara nyingi zinatumia kimetoka kwenye kazi za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na waliochangia damu zao kukiweka walikuwa hasa weupe. Imejulikana kwa miaka sasa kwamba wanawake weusi kwa wastani wana CA-125 ya chini wakiwa wazima. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa wa wagonjwa wa Marekani ambao tayari wana kansa ya ovari, ukaonyesha kwamba wanawake weusi na wenyeji wa asili wa Amerika walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuvuka 35 siku ya kugundulika, na waliosomeka kawaida wakati wanaumwa walichelewa kuanza kemo kuliko wenzao. Fikirieni hapo. Kwenye mwongozo wa Uingereza wa 2011, mwanamke mwenye dalili anapimwa CA-125 kwanza, ikifika 35 au zaidi ndo anapelekwa ultrasaundi. Kwa hiyo mwenye 28 na uvimbe ambao mkono wa daktari haujaugusa anabaki na ushauri wa arudi dalili zikizidi. Hiyo 35 ni geti, na mmeliweka kwenye urefu wa watu fulani. Sisemi muweke namba moja ya weusi na nyingine ya weupe, hapana, huko tumeshatoka, ile hesabu ya kupima kazi ya figo iliyokuwa inamwongezea mtu mweusi alama sababu ni mweusi imeondolewa kwa mapendekezo ya vyama vya figo vya Marekani mwaka 2021 na iliondolewa kwa haki. Ninachosema ni kwamba geti lisitegemee damu peke yake. Dalili zikiwepo mpige ultrasaundi mtu, 28 au 35 au 350.

Na msitoroke kwa kusema tatizo ni hakuna skrini ya watu wote, yaani kupima hata wanawake wasio na dalili. Kweli hakuna. Uingereza walijaribu na wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha koma hedhi, majibu ya mwisho yakatoka 2021, waligundua baadhi mapema ila vifo havikupungua. Sawa. Ndo maana kila kitu kinaangukia kwa yule daktari wa kwanza anayesikia neno tumbo linajaa, na kwa kasi ya karatasi ya rufaa kutoka meza yake. Pasipo na skrini mwanamke hana kinga nyingine zaidi ya kuaminiwa.

Kuhusu hatari ya kuipata nitapita haraka maana hapo hamna ugomvi mkubwa. Kuzaa, kunyonyesha, vidonge vya uzazi wa mpango, kufunga mirija, vyote vinapunguza hatari, vidonge ukitumia miaka mitano au zaidi inashuka kama nusu. Endometriosi, yaani tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake, inaongeza, hasa kansa ya ovari ya aina ya seli angavu ambayo iko zaidi kwa wanawake wa Asia ya Mashariki, Japani kwa mfano ni sehemu kubwa ya wagonjwa wao. Ila endometriosi kwa mwanamke mweusi ilikaa miaka mingi vitabuni kama ugonjwa wa wanawake weupe wenye kazi nzuri, mweusi mwenye maumivu yaleyale akaitwa mwenye maambukizi ya nyonga. Hapo napo mlikosa watu. Na kuna poda, ile ya kupaka sehemu za siri, ambayo wanawake weusi wa Marekani walilengwa nayo sana kwenye matangazo. Mwaka 2024 shirika la WHO la utafiti wa kansa liliiweka talki, ule unga wa kwenye poda hizo, kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha kansa kwa binadamu. Mabishano ya mahakamani yaendelee, mwanamke hana haja ya kusubiri hukumu ili aache kuipaka huko.

Jeni sasa. Ukiwa na hitilafu kwenye BRCA1, moja ya jeni za BRCA ambazo zikiwa nzima husaidia kuzuia kansa, uwezekano wa kupata kansa ya ovari maishani unatoka kwenye kama 1 kwa mia mpaka 40 au zaidi kwa mia. Kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wale wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, kama mmoja kwa kila 40 anazo hitilafu za BRCA, na sababu hiyo watu wengi, madaktari wakiwemo, wamekaa na picha kwamba BRCA ni ya watu fulani weupe. Nendeni Bahamas. Kule karibu robo ya wanawake wenye kansa ya matiti waliopimwa walikutwa na hitilafu za BRCA, na ni nchi ya watu weusi. Miongozo mliandika nyie wenyewe, mwaka 2020 chama cha madaktari wa kansa cha Marekani kilisema kila mwanamke mwenye kansa ya ovari ya kawaida apewe kipimo cha jeni, na mapendekezo ya namna hiyo yalikuwepo kabla. Kwenye majimbo ya Georgia na California, kwa waliogundulika 2013 na 2014, waliopimwa walikuwa asilimia 34 ya weupe na 22 ya weusi. Aibu ni kwa zote mbili, lakini tuangalie ya pili. Asiyepimwa hajui kama anafaa kwa olaparibu na wenzake, dawa zilizoanza kupitishwa Desemba 2014 na zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa wenye hizo hitilafu. Na dada zake na binti zake hawajui kama wapimwe. Kutokupima mtu mmoja kunafunga macho ukoo mzima.

Na hata akipimwa, mweusi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudishiwa jibu la "hitilafu ambayo maana yake haijulikani". Haijulikani sababu hamkuwa na watu wa kulinganisha nao. Ukusanyaji wa jeni duniani mpaka 2021, zaidi ya asilimia 86 ya washiriki walikuwa wa asili ya Ulaya, wa asili ya Afrika kama asilimia moja. Afrika ndo yenye utofauti mkubwa wa jeni kuliko sehemu yoyote na ndo mmeisoma kidogo kuliko zote.

Haya makundi yenu ya rangi nayo yanahitaji kuguswa. Mnasema "weusi", humo ndani kuna Mmarekani ambaye ukoo wake uko pale miaka 300, kuna Mhaiti, kuna Mnaijeria aliyekuja juzi, hatari zao na bima zao na vyakula vyao haviko sawa. Mnasema "Waasia na visiwa vya Pasifiki" alafu mnafurahia wastani mzuri, wakati mwanamke wa Hawaii au Samoa yuko chini ya huo wastani na haonekani. Wenyeji wa asili wa Amerika ndo kabisa, viwango vyao vya kupata kansa hii viko juu, ila kwenye vyeti vya vifo mara nyingi wanaandikwa weupe, kwa hiyo anakufa mara mbili, mara ya pili ni kwenye karatasi. Nikisema tumieni rangi kupima pengo simaanishi muiamini rangi kama ni kitu cha kwenye damu. Rangi inaonyesha mtu alipokelewaje. Kwenye damu angalieni jeni, msibahatishe kwa kumwangalia mtu sura.

Sheria Marekani tangu 1993 inasema utafiti unaolipwa na NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, lazima uwe na wanawake na watu wa makundi madogo. Kampuni za dawa haziko chini ya sheria hiyo kwa majaribio yao wenyewe na inaonekana. Sababu inayotolewa kila siku ni kwamba weusi hawawaamini watafiti. Kutokuaminiana kupo na kuna historia yake na mnaijua. Ila ule utafiti wa kansa ya ovari kwa wanawake weusi wa Marekani ulioanza 2010, AACES, ulipata mamia ya wanawake wenye kansa hii kali, wakiwa wagonjwa, wakakubali kuhojiwa na kutoa sampuli. Walikubali sababu waliulizwa. Kabla ya hapo kila utafiti ulikuwa na weusi wachache wasiotosha hata kuchambuliwa, alafu mnaandika mwishoni "idadi haikutosha" kana kwamba idadi ilijiamulia yenyewe.

Na kwa nyie mnaosimamia afya Afrika kusini mwa Sahara, msikae mnasoma hii kama habari ya Marekani. Kaboplatini na paklitakseli ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Ziko kwenye stoo? Kipande cha nyama kilichopelekwa maabara kinarudi na majibu baada ya muda gani? Mabingwa wa upasuaji huu mnao wangapi na wako mji mmoja au wametawanyika? Huku sehemu nyingi pengo halipimwi kwa rangi maana karibu sote tuna rangi moja, linapimwa kwa nani ana nauli na nani ana mtu wa kumjua ndani. Rejista za kansa zinazofanya kazi ni chache na zinaishi kwa hela za mradi, mradi ukiisha wanawake wanaendelea kufa bila kuhesabiwa.

Ninachowaomba kina bei yake lakini hakihitaji uvumbuzi wowote. Kila hospitali inayotibu kansa ya ovari itoe hadharani, kila mwaka, ni wagonjwa wangapi walionwa na bingwa wa kansa za uzazi kabla ya kisu, wangapi walitoka upasuaji bila uvimbe uliobaki, wangapi walimaliza mizunguko yote kwa dozi kamili, wangapi walipimwa jeni, na ilichukua siku ngapi toka dalili ya kwanza kuandikwa kwenye faili mpaka kemo ya kwanza. Yote hayo kwa rangi, na kwa aina ya bima pale zilipo bima. Wagawaji wa hela, hospitali isiyotoa namba hizo isipate ruzuku ya kansa, mwisho. Wapitishaji wa dawa, kampuni ikileta jaribio lisilo na wanawake weusi wa kutosha irudishwe ikatafute, msiipitishe kwa ahadi kwamba watafanya baadaye. Waandishi wa miongozo, ondoeni 35 kuwa mlinzi pekee wa mlango wa ultrasaundi.

Wastani wa nchi msituletee, huo tunao. Tunataka hospitali moja moja kwa jina, na jibu liwe la maandishi, lenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha hizo namba.